Paa Kwanza, Rangi Baadaye

Injini kuukuu ya mvuke ikipakwa rangi mpya, picha husambaa na pongezi humiminika kwamba historia imeokolewa. Pongezi hizo zinanikera. Injini inayolala nje huliwa na kutu kutoka ndani, na rangi huficha tu ugonjwa huo hadi siku bati la tangi litakapotoboka.

Anayezuru Makumbusho ya Reli ya Nairobi hukimbilia behewa ambamo simba alimvamia afisa wa polisi Charles Ryall pale stesheni ya Kima mwaka 1900. Sawa, kisa kinasisimua, na bila hicho pengine wengi wasingefika kabisa. Lakini katika uwanja huohuo zimo 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, injini mbili za mvuke za aina ya Garratt, klasi ya 59, na duniani kote hakuna ya tatu ya klasi hiyo iliyobaki. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliunda 34 miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, ikavuta mizigo ya tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi juu ya reli yenye upana wa meta moja tu. Reli ya upana huo haijawahi kuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzizidi.

Inama utazame chini ya boila uone waundaji wake walivyofanikiwa. Hakuna gurudumu hapo. Boila imekaa kwenye fremu yake, na fremu hiyo imeegemea pivoti mbili, yaani maegemeo yanayozunguka, moja mbele na moja nyuma, juu ya seti mbili za magurudumu zinazojipinda kila moja kivyake kwenye kona. Kwa kuwa magurudumu hayapo chini yake, boila inaweza kuwa nene na sanduku la moto likashuka chini na kupanuka. Tangi la mbele hubeba maji, la nyuma hubeba mafuta mazito na maji mengine. Ukishaelewa hilo, huwezi kuipita injini hii kama chuma chakavu.

Sasa tazama mvua inavyoingia. Mlango mkubwa ni bomba la moshi, kwani lisipofunikwa, maji hushuka moja kwa moja hadi chumba cha moshi kilicho mbele ya boila. Humo mna masizi ya mafuta yenye salfa, na masizi hayo yakilowa hugeuka asidi. Sakafu ya chumba hicho huisha kwanza, kisha ncha za mirija ya boila. Njia ya pili ni mabati membamba yanayoizunguka boila. Maji hupenya kwenye viungio, hufyonzwa na kihami joto kilichomo, na boila hubaki imevikwa blanketi bichi hata wiki kadhaa baada ya mvua kukoma. Njia ya tatu ni tangi. Matone yaliyonaswa humo hula kona za chini, na dalili yake kwa nje ni michirizi ya kahawia chini ya ribiti na rangi iliyovimba kama lengelenge. Ukiona hivyo, jua huenda kutu imeshavuka bati zima.

Rangi inayopigwa juu ya kutu hiyo huifungia unyevu ndani. Kuna ubaya mwingine: mwenye brashi akikosa msimamizi hupaka hata vyuma vinavyounganisha magurudumu, akaziba matundu ya oili. Vyuma hivyo havitaki rangi, vinataka grisi nzito, ifutwe na kupakwa upya kabla ya kila msimu wa mvua.

Kinachohitajika ni paa la mabati juu ya nguzo, pande zote wazi, kingo zikitokeza meta mbili hivi ili mvua ya upepo isifike, mifereji ikiyapeleka maji mbali na reli. Pande ziwe wazi kwa makusudi. Chuma kizito hupoa usiku, na asubuhi hewa yenye unyevu ikikigusa hutoa umande, basi lazima upepo upite uukaushe. Ndiyo maana turubai si dawa: hunasa umande huo na kusugua rangi kila upepo unapovuma.

Najua Garratt moja ina urefu wa zaidi ya meta 30, na paa la kuzitosha mbili halijengwi kwa hela za tiketi peke yake. Nakubali. Ila yapo yasiyongoja paa. Kifuniko cha bati juu ya bomba la moshi ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi mabati. Masizi yazolewe chumba cha moshi hadi chuma kionekane. Vizibo vya kusafishia boila vifunguliwe, vya juu na vya chini, ili hewa izunguke, na tangi zitolewe maji mpaka tone la mwisho. Reli ikiruhusu, injini isukumwe meta chache mara kwa mara, beringi zisikalie sehemu ileile mwaka mzima.

Kihami joto cha injini za zama hizo mara nyingi ni asbesto. Bati la boila lililopasuka lisiguswe na mgeni, wala lisibanduliwe na kibarua mwenye kitambaa puani. Hiyo ni kazi ya wenye vifaa na kibali.

Rangi nayo ina zamu yake, chini ya paa, chuma kikiwa kikavu: kutu ikwanguliwe hadi chuma cheupe, praima, yaani rangi ya msingi, ipigwe siku hiyohiyo kabla kutu haijarudi, kisha rangi ya kati, na ya juu mwisho.