Mzee Kofia Harudi Nyumbani Kwetu

Nimeandika katika grupu la familia kwamba mwaka huu Mzee Kofia, kile kidoli chetu cha Krismasi, haji. Kabla chai ya jioni haijaiva nilikuwa nimeshaitwa mkali, mlokole ndani ya kanisa Katoliki, na mwanamke anayewanyang'anya watoto utoto wao. Binamu yangu wa Mombasa akauliza kama mwakani nitapiga marufuku pilau. Dada yangu anayeishi Marekani, ambaye ndiye aliyekuja na kile kidoli, hakusema neno mbele za watu. Aliniandikia pembeni: "Dada, mbona hivi?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake halitoshi kwenye simu.

Mnakijua chenyewe. Kofia nyekundu, miguu myembamba isiyoweza kusimama, tabasamu lisilofutika. Kinafika Desemba inapoanza. Mchana kinakaa kimya kikiwatazama watoto, usiku kinaruka mpaka Ncha ya Kaskazini kumpelekea Baba Krismasi habari za nani mwema na nani mtundu, asubuhi kinakutwa mahali pengine. Kukigusa ni mwiko, maana nguvu zake zitaisha. Si desturi ya kale. Kilianza kuuzwa Marekani mwaka 2005, kidoli na kitabu ndani ya boksi moja, na kwetu kilifika ndani ya sanduku la dada pamoja na viatu na chokoleti zilizoyeyuka kwa joto la kaskazi. Watoto wakakipa jina, wakakipenda. Asubuhi moja walikikuta kimepanda mbuzi ya kukunia nazi, kimeshika hatamu ya kamba ya mnazi. Walicheka mpaka mama mkwe wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini, naye akacheka. Nasema haya ili mjue kwamba sikuichukia furaha ile.

Sasa Krismasi iliyopita.

Kaka yangu anaishi Marafa, nje ya mji wetu wa Malindi. Alikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufuoni, msimu ulipokwenda vibaya wakapunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Alikuja kwetu mkesha wa Krismasi na gunia la maembe begani na mwanawe wa miaka sita mkononi. Dada naye alikuwa amekuja na familia yake. Asubuhi, chini ya tawi la mvinje tulilolipamba, mwana wa dada akapata baiskeli. Wanangu wakapata vyao vya wastani. Mwana wa kaka akapata ndara mpya na mpira. Na kwa sheria za mchezo, vyote vilitoka kwa Baba Krismasi, kwa ripoti ya Mzee Kofia.

Yule mtoto alinifuata jikoni. "Shangazi, mimi nilikosa nini?"

Nilidhani kuna mtu aliyemgombeza. La. Akaanza kunihesabia: alikwenda kuogelea na wakubwa bila ruhusa, alimsukuma mdogo wake, siku moja alikula kabla ya sala. Alitaka kujua ni lipi kati ya hayo lililoandikwa. Binamu yake wa baiskeli jana yake alikuwa amevunja kioo cha jirani kwa manati, na mtoto huyu alikuwepo, aliona kwa macho yake. Hakumchongea. Hakulalamika kwamba amepunjwa. Alikuwa ameshakubali kwamba yeye ni mbaya kuliko mwenzake, akabaki kutafuta sababu.

Kina mama na kina baba mnaosoma hapa, ningemjibu nini? Nimwambie baba yako amefutwa kazi? Nimwambie mchezo huu wote ni sisi watu wazima tunaoamka usiku kukihamisha kidoli? Nilimkumbatia, nikasema hakukosa kitu, na nikaona wazi kwamba haniamini. Ushahidi ulikuwa pale sebuleni, una magurudumu mawili na kengele.

Hili ndilo lisilonitoka. Ukimwambia mtoto kwamba zawadi ni malipo ya tabia njema, kisha zawadi zenyewe zikanunuliwa kwa mifuko isiyolingana, umemfundisha mtoto wa maskini kwamba umaskini wa baba yake ni dhambi yake yeye. Na yule wa baiskeli umemfundisha jambo baya zaidi: kwamba kile alichonacho amekistahili. Mji wetu huu una hoteli ambazo chakula cha usiku mmoja kinazidi mshahara wa siku nyingi wa anayekipakua. Watoto wetu watakutana na fundisho hilo barabarani kila siku ya maisha yao. Siwezi kulikaribisha ndani, nikalivika kofia, nikaliita Krismasi.

Maana Krismasi inasema kinyume chake, na haisemi kwa kunong'ona. Mama Maria, mimba ikiwa bado changa, aliimba kwamba Mungu "wenye njaa amewashibisha mema, na wenye mali amewaondoa mikono mitupu". Sisi sebuleni kwetu tuliwashibisha walioshiba. Wachungaji wa Bethlehemu hawakuulizwa na malaika kama mwaka mzima walikuwa watoto wazuri. Walikuwa wanalinda kondoo usiku, wakaambiwa habari ya furaha ni yao na ni ya watu wote. Paulo anawaandikia Warumi kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Tungali! Hakungoja ripoti. Kama kuna siku moja katika mwaka ambayo mtoto wa Kikristo anapaswa kupokea kitu mkononi bila kuulizwa amefanya nini ili akipate, ni hiyo tarehe 25. Tukiigeuza siku hiyo kuwa siku ya mshahara, nini kimebaki cha kumsimulia kuhusu neema? Padri atasimama mimbarini aseme wokovu ni zawadi ya bure, na mtoto atajua moyoni kwamba zawadi za bure hazipo, kwa sababu nyumbani kwao hazikuwepo.

Halafu yale maembe. Kaka yangu alilibeba lile gunia kutoka shambani hadi barabarani, akalipia nafasi yake kwenye matatu, akaligawa: haya ya bibi yao, haya ya watoto, haya ya kupeleka kwa majirani. Hakuna aliyeliweka chini ya mti. Hakuna mtoto aliyeambiwa, "Nenda kamshukuru mjomba." Zawadi halisi ya sikukuu ile, iliyotoka kwa mtu aliyekuwa na kidogo, ilikaa karibu na mlango wa uani ikaliwa kama kitu kilichojileta. Na hata zile ndara, nilizokwenda sokoni kuzichagua nikimkumbuka yeye na vidole vyake vilivyokuwa vikitokeza kwenye zile za zamani, zilitoka kwa mgeni wa theluji asiyemjua. Mchezo ule ulimnyima mtoto jambo analolihitaji zaidi ya baiskeli: kujua ni nani anayempenda.

Binti yangu mkubwa, ana miaka kumi na minne na hoja zake si za kitoto, alinibana mahali pagumu. "Mama, lakini si Mungu naye anatuona saa zote? Si wewe mwenyewe unatuambia hivyo?" Nililala nalo swali hilo. Ni kweli, tunasema anaona. Lakini angalia Biblia inavyosimulia kuonwa na Mungu. Hajiri, kijakazi mwenye mimba, amekimbia mateso ya Sarai, bibi aliyemtumikia, yuko jangwani penye chemchemi, hana mtu. Mungu anamkuta pale, anamwita kwa jina lake, anamuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi, na anamwambia ameyasikia mateso yake. Ndipo yule mwanamke anamwita Mungu aonaye. Jirani yangu Mwislamu anamjua Hajiri huyo vizuri, na mahujaji wake kule Makka wanapiga mbio kati ya Safa na Marwa wakimkumbuka alipomtafutia mwanawe maji. Mungu wa namna hiyo anatazama kwa sababu anajali. Kidoli kinatazama ili kikachongee. Nikiwazoesha wanangu jicho la kidoli kila Desemba, watalihamishia kwa Mungu bila mimi kujua, na watakapokosa, badala ya kumkimbilia, watajificha.

Ndiyo, nidhamu. Nakubali, shingo upande, kwamba shule zikifungwa na nyumba ikajaa binamu, kusema "Mzee Kofia anakuona!" kunafanya kazi haraka kuliko mawaidha yoyote. Kinafanya kazi mpaka usiku wa tarehe 24. Tarehe 26 hakuna aliyetandika kitanda.

Wanaonikumbusha kwamba Baba Krismasi ni Mtakatifu Nikolasi wametoa ushahidi upande wangu. Askofu yule wa Mira, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa sasa Uturuki, ambaye mifupa yake mabaharia waliihamishia Bari, Italia, mwaka 1087, anasimuliwa kwamba usiku alirusha dhahabu nyumbani kwa maskini mwenye mabinti watatu, wasije wakauzwa kwa kukosa mahari, ambayo kwao ilitolewa na upande wa binti. Alijificha asishukuriwe, na hakuuliza kwanza ni yupi kati ya wale watatu aliyekuwa mtiifu. Sijui tulifikaje kutoka kwake mpaka kwenye orodha ya wema na watundu. Waitaliano wetu wa mtaa wa Casuarina nao wana bibi kizee wao, Befana, anayepita usiku wa kuamkia Januari 6 na makaa ya mawe kwa mtoto mtundu. Kila watu na lao.

Binamu wa Mombasa anasema hata pango la Noeli, ule mfano wa zizi alimozaliwa Yesu, ninalolipigania badala ya kidoli, ni la kuletwa. Ni kweli kabisa. Imani yenyewe ilikuja Malindi kwa meli: kile kikanisa cha Wareno cha makuti kando ya bahari kinatukumbusha, na mmisionari Fransisko Ksaveri alipita hapa mwaka 1542 akielekea Goa. Pango tumelipata kwa Fransisko mwingine, wa Asizi, ambaye mwaka 1223 katika kijiji cha Greccio alitaka watu waone kwa macho yao ufukara wa Mtoto yule, akaweka nyasi kavu, ng'ombe na punda halisi. Na askofu wa kwanza wa jimbo letu, jimbo lilipoundwa mwaka 2000, Francis Baldacchino, alikuwa Mkapuchini kutoka Malta, mwana wa Fransisko huyo huyo. Siulizi kitu kimetoka wapi. Nauliza kinamwambia nini mtoto wa miaka sita aliyepata ndara.

Kuhusu kuwanyima watoto utoto: watacheza. Nani amewahi kumzuia mtoto wa Malindi kucheza mwezi wa Desemba? Nitaikumbuka kelele ya asubuhi, sitasema uongo, na mwanangu wa mwisho atalia siku mbili tatu. Nimeshamweleza kwamba Mzee Kofia ni kidoli, na kwamba sasa ruhusa ya kukigusa ipo. Amekibeba kwenye kanga mgongoni tangu jana.

Badala yake tunaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, ambacho nyumbani kwetu kilikuwa kimemezwa kizima na kungoja kidoli. Wavulana wataleta makuti ya kuezekea pango na mchanga wa ufuoni. Wasichana wanafinyanga wanyama kwa udongo, na mmoja ameshaniambia kwamba kwake Mamajusi watafika kwa jahazi, sikumpinga. Kila zawadi itakuwa na jina la aliyeitoa, na atakayeipokea atakwenda kumshukuru ana kwa ana. Dada, baiskeli leteni mkitaka, lakini mwanao ajue kwamba ni wewe na shemeji mlioifanyia kazi, na kwamba binamu zake wataipanda kwa zamu. Maembe ya kaka yatakaa chini ya mvinje pamoja na vingine vyote. Sahani za majirani zinatoka kabla ya sisi kula, kama wanavyotufanyia wao siku ya Idi.

Hori litabaki tupu mpaka turudi kutoka Misa ya mkesha. Watoto wameshaanza kugombania nani atamlaza Mtoto ndani yake, na mama mkwe alipendekeza awe yule atakayekuwa mtiifu zaidi mwezi huu. Nimemwomba radhi, nimekataa. Tutapiga kura. Majina yote yanaingia kwenye kikapu, na la yule aliyevunja kioo limo.