Katapila kuukuu, tazama miguu kwanza

Nina katapila aina ya D6C, la miaka ya sabini, na nalipenda. Hapa Pemba linanisawazishia viwanja na kufungua njia za mashamba. Watu huniuliza kwa nini siliuzi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Injini yake haina kompyuta hata moja. Likikohoa, fundi mwenye spana na sikio zuri anajua linaumwa wapi.

Lakini nilivyolinunua, nilikosea. Muuzaji alilipaka rangi ya manjano inayong'aa, injini ikawaka mara moja, nikatoa pesa. Mwezi haujaisha, mnyororo ukachomoka bondeni, katikati ya masika. Nilipopiga magoti nikakwangua ule udongo mwekundu kwa panga ndipo nikaona: meno ya sproketi, lile gurudumu linalovuta mnyororo, yamechongoka kama ya papa; rola mbili, yaani magurudumu madogo ambayo mnyororo hupita juu yake au chini yake, zinavuja oili; bushi, mirija ya chuma iliyo kwenye viungo vya mnyororo, zimelika upande mmoja. Rangi ilikuwa haijafika huko chini.

Na huko chini ndiko zinakokwenda pesa, karibu nusu ya matengenezo yote ya mashine ya minyororo. Benjamin Holt, Mmarekani mtengenezaji wa matrekta, alipoijaribu yake ya kwanza kule California mwaka 1904, aliondoa magurudumu akaweka minyororo ili isizame kwenye udongo laini. Miguu ndiyo katapila lenyewe. Anayekwenda kununua na avae nguo za kazi, aingie chini.

Kinachoniuma zaidi ni tabia yetu ya kukaza. Mnyororo ukichomoka mara moja, mtu anapiga grisi kwenye kikazio chake mpaka unakaa kama uzi wa gambusi, akidhani ameuponya. Mnyororo uliokazwa hivyo unasaga bushi na sproketi kila hatua. Unatakiwa ubonyee kidogo pale juu, kati ya rola ya juu na gurudumu la mbele. Tena tope likishindilia kwenye sproketi, mnyororo hukaza wenyewe, kwa hiyo upime ukiwa na tope lile lile unalofanyia kazi, usiupime baada ya kuosha. Jioni ndiyo uoshe. Udongo wa Pemba ukilala usiku mmoja kwenye rola, asubuhi unaukuta jiwe, rola haizunguki, inaburuzwa tu na kulika upande mmoja.

Bushi zilizolika upande mmoja bado zina maisha. Zinang'olewa kwa presi, mashine ya kusukuma kwa nguvu nyingi, zinageuzwa, upande mzima unachukua kazi. Ila zigeuzwe kabla hazijatoboka. Presi ya kazi hiyo mimi sijaipata Pemba. Mnyororo wangu ulipanda meli bandari ya Mkoani kwenda Dar, na nauli yake ilinitoa jasho. Ndiyo maana wengi wetu tunangoja mpaka bushi zinatoboka, kisha tunalaumu uzee wa mashine.

Wenye mashine wa Pemba, tuchange tununue presi moja, tuiweke Chake Chake. Fungu langu liko tayari.