Kapasita ya Baipasi: Mahali Inapokaa Pana Uzito Kuliko Bei Yake

Wapo mafundi na wapenzi wengi wa amplifaya za kujiundia wanaoamini kwamba ukilehemu kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) ndogo ya filamu ya plastiki, inayoitwa ya baipasi, sambamba na kapasita kubwa ya elektrolaiti, yaani yenye kimiminika ndani, kwenye ugavi wa umeme, sauti itakuwa safi zaidi, hasa zile nyembamba za juu. Imani hiyo ina historia. Mwaka 1980 Walt Jung na Richard Marsh walichapisha katika jarida la Audio la Marekani makala ya sehemu mbili kuhusu uteuzi wa kapasita, wakaonyesha pamoja na mengine jinsi kihami kilichomo ndani ya kapasita kinavyobakiza sehemu ya chaji na kuiachia kwa kuchelewa. Kazi yao ninaiheshimu. Ninachokipinga ni desturi iliyoota baadaye, ya kununua kapasita za bei ghali na kuzibandika popote, huku mambo yanayoamua sauti kweli yakiachwa bila kuangaliwa.

Hesabu kwanza, kwa sababu inamaliza sehemu kubwa ya ubishi. Kapasita ndogo ya baipasi ya nanofaradi 100, kwenye kilohezi 20 ambazo ndizo mpaka wa juu wa sikio la binadamu, ina ukinzani wa takriban ohmu 80. Elektrolaiti nzima ya mikrofaradi 1,000, katika masafa hayohayo, kwa kawaida haina hata sehemu ya kumi ya ohmu moja. Zikiwekwa sambamba, karibu mkondo wote utapita kwenye ile kubwa, na ile ndogo, iwe ya senti au ya maelfu ya shilingi, haitakuwa na kazi ya maana katika eneo lote tunalolisikia.

Kazi yake huanza juu zaidi, kwenye megahezi, ambako elektrolaiti hugeuka kuwa kama koili kutokana na miguu yake na jinsi ilivyosukwa ndani. Hata huko mambo si mepesi. Elektrolaiti yenye nanohenri 20 (kipimo cha tabia hiyo ya koili) ikikutana na kapasita ya nanofaradi 100, hupatikana mwangwi wa umeme, yaani viwili hivyo hutikisana kwa pamoja, karibu na megahezi 3.6, na katika masafa hayo ukinzani wa jozi hiyo huweza kupanda badala ya kushuka. Kinachotuliza mwinuko huo ni ukinzani wa ndani wa elektrolaiti yenyewe, ule ambao watangazaji wa bidhaa ghali hutufundisha kuuogopa.

Basi kwa nini wapo watu wanaoongeza kapasita ya baipasi na kusikia tofauti ya kweli? Tuitazame TDA2030, aisi (kipande kimoja chenye saketi nzima ya amplifaya) ya zamani inayopatikana ndani ya sabufa nyingi za bei nafuu na ambayo kila fundi wa redio anaifahamu. Transista zake zinaweza kukuza mawimbi yaliyo juu sana ya sauti. Waya au njia ya shaba ya sentimita 10 kutoka kwenye ugavi wa umeme ina takriban nanohenri 100, kiasi cha kutosha kuyumbisha volti kwenye miguu ya aisi kila mkondo unapobadilika ghafla. Mawimbi ya kutokea yakipata upenyo wa kurudi ndani kwa njia hiyo, amplifaya huanza kujizalishia mawimbi yenyewe. Ndiyo maana mtengenezaji anaagiza nanofaradi 100 kwenye kila mguu wa umeme, ikisaidiwa na mikrofaradi 100, pamoja na ohmu 1 na nanofaradi 220 upande wa spika, naye anaonya wazi kwamba ukizipunguza kapasita hizo unakaribisha hatari hiyo. Aisi iliyofikwa na hali hiyo hupata moto hata muziki ukiwa umezimwa, na sauti zake za juu hukwaruza. Fundi akiongeza kapasita karibu na miguu yake, ukwaruzaji hukoma na sauti inatakata kweli. Masikio yake hayajamdanganya hata kidogo; ila sifa inakwenda kwa chapa ya kapasita, ilhali iliyostahili sifa ni ile nafasi ya milimita chache. Kapasita ya kauri ya kawaida, ya aina ya X7R, ingefanya kazi hiyo vizuri kabisa. Ya filamu yenye miguu mirefu, ikilehemiwa mbali kwenye ugavi wa umeme, isingefanya lolote.

Kwenye njia ya sauti yenyewe hukumu yangu ni tofauti, kwani hapo aina ya kapasita ina uzito. X7R hiyohiyo niliyoisifu hubadilisha uwezo wake wa kuhifadhi chaji kadiri volti inavyopanda na kushuka, na uwezo unaobadilika pamoja na muziki ni upotoshaji wa sauti. Zaidi ya hayo, kihami chake cha bariamu titaneti huzalisha umeme kinapotikiswa, jambo baya mno ndani ya kasha lililo na spika. Mhandisi Cyril Bateman alipima kapasita nyingi katika jarida la Electronics World mwaka 2002 na 2003, na zile za filamu ya polipropilini na za kauri ya aina ya C0G zikajitokeza kuwa safi sana. Panapotakiwa uwezo mdogo, hizo ndizo za kuweka.

Elektrolaiti nazo hazistahili kufukuzwa kwenye njia ya sauti. Douglas Self, mwandishi wa vitabu vya amplifaya, ameeleza vizuri kwamba upotoshaji wake hutokana na volti ya mawimbi inayojengeka kati ya miguu yake, na kwamba kapasita ikiwa na uwezo mkubwa wa kutosha volti hiyo hubaki ndogo mno. Katika TDA2030, mikrofaradi 22 na ohmu 680 za mrejesho (njia inayorudisha sehemu ya sauti ya kutokea kwenye ingizo) hukata besi kuanzia takriban hezi 10.6. Akiwekewa mtu mikrofaradi 2.2 kwa haraka ya kazi, mkato unapanda hadi hezi 106, na sabufa inabaki jina tu. Vivyo hivyo elektrolaiti inapokauka: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, kapasita iliyobanwa kwenye hitisinki, bamba la kupoozea aisi, haina maisha marefu. Ningependa mteja anayelalamika kuhusu sauti apimiwe hizo kwanza na kubadilishiwa kwa zile zilizotengenezwa kuhimili nyuzijoto 105, kabla hajatajiwa filamu ya aina yoyote.

Na kwa amplifaya ya ugavi mmoja wa umeme, ambamo spika hupata sauti kupitia elektrolaiti, mikrofaradi 1,000 pamoja na spika ya ohmu 4 hukata besi karibu na hezi 40. Mikrofaradi 2,200 hushusha mkato huo hadi hezi 18, na kwa spika yenye uwezo wa kushuka huko, tofauti hiyo inasikika bila kuhitaji sikio lililofundishwa.