Ulinganifu: je, hisabati imeuona wote?

Shuleni tulifundishwa kukunja karatasi: nusu moja ikilala sawasawa juu ya nyingine, umbo lina ulinganifu. Kwa kipimo hicho herufi S imeanguka mtihani. Ikunje utakavyo, nusu zake hazikutani. Lakini ilaze mezani uizungushe nusu mzunguko, na aliyekuwa amefumba macho hatajua kwamba umeigusa. Wanahisabati walilihamishia swali hapo. Hawaulizi tena umbo linaonekanaje. Wanauliza ni matendo gani unayoweza kulitendea likabaki vilevile.

Wapo wanaosema tafsiri hii imeukausha ulinganifu, ikautoa kwenye jicho na kuutia kwenye jedwali. Kabla ya kuwajibu, chukua karatasi ya mraba, uandike A, B, C, D kwenye pembe kwa mwendo wa saa kuanzia juu kushoto, na nyuma ya kila pembe urudie herufi yake. Mraba una matendo 8: mizunguko 4, ukihesabu na kule kutofanya lolote, na mapinduo 4. Fuatanisha mawili yoyote, utapata mojawapo ya hayo 8. Na kila moja lina la kulitengua. Mkusanyiko wa namna hiyo huitwa kundi. Sasa zungusha karatasi robo kwa mwendo wa saa, kisha ipindue kama ukurasa wa kitabu: A imerudi juu kushoto. Anza upya, pindua kwanza ndipo uzungushe: mahali pale pale pamekaa C. Jicho linaloutazama mraba umetulia haliwezi kulikisia hilo.

Na kikishakuwa kitendo, ulinganifu hauhitaji tena umbo. Mwanahisabati Évariste Galois, aliyefariki mwaka 1832 akiwa na miaka 20, alichunguza jinsi majawabu ya mlinganyo yanavyoweza kubadilishana nafasi bila kuvuruga mahusiano yao, na kundi la mabadilishano hayo likaonyesha kama mlinganyo unatatulika kwa vipeuo na hesabu za kawaida. Mwaka 1918 mwanahisabati Emmy Noether alithibitisha jambo ambalo hadi leo linanisisimua: sheria za fizikia zikiwa zilezile leo na kesho, yaani tendo la kusogeza wakati lisipozibadili, basi nishati lazima ihifadhike, isiongezeke wala kupungua. Kukunja karatasi kusingetufikisha huko.

Hata hivyo walalamikaji wana hoja nzito. Kundi hujibu ndiyo au siyo. Uso wenye kovu dogo shavu la kushoto, kwa sheria kali, umebakiwa na tendo moja tu, la kutofanya lolote, sawa na karatasi iliyofinyangwa. Jicho linakataa, na mimi nipo upande wa jicho. Mtetezi wa makundi atasema tunaweza kupima uso huo uko mbali kiasi gani na ule uliolingana kamili. Kweli, ila umbali huo kundi halikupi. Unauleta wewe, pamoja na kipimo ulichokichagua.

Tafsiri kali iliwahi pia kuwafunga watu macho. Hisabati inathibitisha kwamba mpangilio unaojirudia vilevile kila upande unaruhusu mizunguko ya sehemu 2, 3, 4 au 6 tu, yaani ukiuzungusha nusu, theluthi, robo au sehemu moja ya sita ya mzunguko, unaweza kubaki vilevile. Wataalamu wa fuwele, yaani vitu vigumu ambavyo atomi zake zimejipanga kwa utaratibu, wakachukulia kwamba kila fuwele hujirudia. Mwaka 1982 Dan Shechtman, akichunguza aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini na manganizi kwa hadubini ya elektroni, aliona nukta za elektroni zilizotawanywa na aloi hiyo zimejipanga kwa sehemu 10. Alipingwa vikali, Linus Pauling, mshindi wa Nobel mara mbili, hakumkubali hadi alipofariki mwaka 1994. Shechtman alipata Nobel yake ya kemia mwaka 2011, lakini kabla ya hapo, mwaka 1992, Muungano wa Kimataifa wa Kristalografia ulikuwa umeshaondoa sharti la kujirudia katika tafsiri ya fuwele. Thibitisho la zamani halikuguswa, kwa sababu halikuwa na kosa. Mzunguko wa sehemu 10 nao makundi yalikuwa yameueleza siku nyingi. Waliokosea ni wale waliofanya kujirudia kuwa mpaka wa mpangilio wote.