Wahame, Sawa. Nani Aliwauzia?

Masika yakianza tu, najua kitakachosemwa redioni: "Waliojenga mabondeni wahame mara moja." Wiki iliyopita nimekisikia tena, mkubwa mmoja anakitamka kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kupandisha godoro juu ya meza saa nane usiku.

Sawa, wahame. Ila kwanza naomba niulize: walifikaje pale?

Kiwanja cha upande wa Mto Rau, hapa kwetu Moshi, hakiokotwi. Kuna dalali ("tambarare kabisa kaka, na maji yapo karibu"), kuna muuzaji, kuna mashahidi, na kuna ofisi ya mtaa inayogonga muhuri kwenye mauziano na kuchukua chake. Kisha nguzo ya umeme inasimikwa, bomba linafika. Kila mwezi ukinunua umeme wa LUKU, kodi ya jengo inakatwa humohumo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, hata kama nyumba yenyewe imekaa katikati ya korongo. Sijasikia bado hela ya bondeni ikikataliwa. Mvua inyeshe siku tatu mfululizo, ghafla mlipakodi anageuka mvamizi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nzuri sana. Futi kamba ya kupimia hizo mita 60 ilikuwa wapi wakati msingi unachimbwa? Huwa inaonekana baada ya mafuriko, pamoja na kopo la rangi nyekundu la kuchorea X.

Haya, wakaidi wapo. Namjua mmoja aliyejua fika yuko mtoni, akajenga ukuta ili maji yakija yageukie kwa jirani. Huyo simtetei. Na mitaro yetu kujaa chupa na pampasi, hilo ni letu wenyewe, sibishani.

Lakini wengi hawakushuka kwa kupenda. Wazee walikaa juu mlimani vihambani, kwenye mashamba ya ukoo. Huku chini palikuwa pa kulima mahindi na kukata majani ya ng'ombe, jioni mtu anapandisha zake nyumbani. Kihamba kikagawanywa kwa watoto, watoto wakagawia wajukuu, na leo mjukuu akipewa sehemu yake inatosha migomba michache na kaburi. Huyo ndiye mnayemwambia ahame. Ahamie wapi? Bei ya kiwanja kilichopimwa hapa Moshi mnaijua.

Na mafuriko ya kwetu hayapigi hodi. Mvua inapiga msituni huko juu Kilimanjaro, maji yanashuka mteremko wa zaidi ya mita 1,000 hadi Mabogini huku chini tambarare, ambako huenda jua linawaka na watu wameanika mpunga. Kuangalia wingu la juu ya bati lako hakukusaidii. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa angalizo kwa mkoa mzima. Anayekaa kandokando ya mto anahitaji mtu wa juu ampigie simu kwamba maji yameanza kushuka. Simu zote hizi tulizonazo, na hilo limetushinda.

Tarehe 12 Aprili 2024, Arusha, gari la shule lilisombwa na maji korongoni. Watoto walikufa. Siku chache baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Hapo sina kejeli.

Kwa hiyo notisi za mwaka huu ziandikwe majina mawili: la anayetakiwa kuhama, na la aliyegonga muhuri kwenye mauziano yake. Na huyu wa pili atueleze alichochukua siku ile kilikuwa ada ya nini.