Kutotathminiwa si kuwa salama

Lemuri na mnyoo duara ni wanyama wote wawili, lakini udugu wao unaishia hapo. Lemuri ana uti wa mgongo: ni wa faila (kundi kubwa la wanyama) ya Kodata, na ndani yake ngeli ya mamalia, kisha oda, kundi dogo zaidi, moja na sisi binadamu. Kwao ni Madagaska tu, ila hapa Uganda tuna jamaa zake, komba wa usiku na poto wa msitu wa Kibale. Mnyoo duara ni wa faila ya Nematoda. Hana mifupa, hana mapafu, hana hata mishipa ya damu.

Mwaka 2020 Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili linalopima hatari ya viumbe kutoweka, ilionyesha kuwa spishi 103 kati ya 107 za lemuri zinatishiwa, na 33 ziko ukingoni kabisa mwa kutoweka, kwa sababu ya ukataji misitu na uwindaji. Inasikitisha, na kelele zinazopigwa ni za haki. Ukimtafuta mnyoo wa tumboni katika orodha hiyo, humwoni. Watu husema, basi hana shida. Mimi nakataa hoja hiyo. Asiyepimwa hajaambiwa kuwa ni mzima.

Tunaihukumu faila nzima ya minyoo duara kwa yule anayekaa tumboni mwa mtoto. Spishi zaidi ya 25,000 zimeshaelezwa, na nyingi hazimgusi mtu. Huishi udongoni, hula bakteria na kuvu, na kwa kufanya hivyo huachia nitrojeni ambayo mimea huitumia. Wabaya wapo, sikatai. Wapo wanaotafuna mizizi ya migomba mpaka upepo unaung'oa mgomba na mkungu wake, ndiyo maana wakulima hufundishwa kuparura machipukizi na kuyatia kwenye maji moto. Pia mnyoo wa Guinea, anayeingia mwilini kwa maji ya kunywa: mwaka 1992 Uganda ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 120,000, wengi kaskazini. Bila chanjo wala dawa ya kumuua, kwa vitambaa vya kuchujia maji na elimu ya kijiji kwa kijiji, tukamfukuza, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) likathibitisha kuwa hatuna tena ugonjwa huo. Huyo atoweke duniani kote, simlilii.

Lakini tumfukuze kwa jina lake, tusiwatupe wenzake wote. Chuo Kikuu cha Makerere na kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda wapewe fedha za kuorodhesha minyoo ya udongo wa msitu wa Mabira sasa, wakati msitu ungalipo, maana mashamba ya miwa yako mpakani mwake tayari.