Mkitusifu moyo, lipeni na ufundi

Mei 12, Siku ya Wauguzi, meneja wa nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Ujerumani alituandalia keki na risala. Keki ilikuwa tamu, sikatai. Risala ndiyo iliyonikwama. Alitugeukia sisi tuliotoka Kenya akasema, kwa upole kabisa, kwamba tumejaliwa moyo wa asili wa kutunza wazee, moyo ambao Wajerumani wamekwisha kuupoteza. Makofi yakapigwa. Ratiba ukutani nyuma yake ilionyesha zamu ya usiku ule ina pengo.

Moyo wa asili! Kana kwamba nilizaliwa na diploma mkononi. Kumgeuza mzee mwenye vidonda vya kulalia bila kumchubua, huku unakagua visigino na kuhakikisha mpira wa mkojo haujabanwa chini ya paja, ni ufundi. Wajerumani wenyewe wanausomea miaka 3. Lakini kazi ikishaitwa tabia ya kuzaliwa nayo, kuidai mshahara mzuri kunaonekana utovu wa adabu.

Axel Honneth, mwanafalsafa wa Frankfurt, anajulikana zaidi kwa kitabu chake cha 1992 kuhusu kupigania kutambuliwa. Mtu, anasema, hujenga heshima yake mwenyewe kwa kupendwa na walio karibu naye, kwa kuwa na haki mbele ya sheria, na kwa kuthaminiwa mchango wake. Vizuri. Mimi nampendea makala yake ya 2004, alipojiuliza swali chungu zaidi: je, sifa zenyewe haziwezi kuwa kamba ya kumfungia mtu?

Mifano yake haina huruma. Mtumwa anasifiwa utii mpaka anauonea fahari. Mama anasifiwa kwa kuwa mke na mlezi bora, askari anaitwa shujaa. Hakuna anayetukanwa hapo, na huo ndio ubaya wake: mtu anajiona wa maana, kwa hiyo anabaki palepale alipowekwa, tena kwa hiari yake. Kipimo anachotoa Honneth nakiona cha haki. Sifa ya kweli lazima iambatane na masharti ya kuitimiza: sheria ibadilike, malipo yabadilike, mpangilio wa kazi ubadilike. Visipofuata hivyo, umebembelezwa tu. Mnakumbuka 2020, watu walivyosimama kwenye roshani za nyumba zao wakitupigia makofi wauguzi? Haya, pimeni wenyewe.

Nancy Fraser, mwanafalsafa wa Marekani, alibishana naye katika kitabu walichoandika pamoja mwaka 2003. Alisema si kila dhuluma ya kipato inatokana na dharau: kiwanda kinaweza kufungwa kwa hesabu za faida tu, na aliyefukuzwa hakudharauliwa na yeyote. Ana hoja, nakubali shingo upande. Lakini kwetu si hivyo. Mshahara wa anayeosha wazee umebeba maoni ya jamii kuhusu kazi hiyo, na kuhusu wanawake walioifanya bure nyumbani tangu zamani.

Ndiyo, Honneth ana sentensi ndefu kama treni ya mizigo, na historia anayoisimulia ni ya Ulaya mno. Hata hivyo kitabu chake cha 2023 kimenigusa: anawakumbusha wasomi wa demokrasia kwamba wananchi wengi hushinda kazini, na aliyechoka na kuamrishwa kutwa atashiriki vipi maamuzi ya nchi? Kwetu vikao vya baraza la wafanyakazi hufanyika saa nane mchana. Sisi wa zamu ya usiku tunakuwa usingizini.

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa kazi mjini Berlin, Septemba 2024, wadogo zangu wengi wananiuliza kama waje. Njooni, lakini msomeni mwajiri kwenye mkataba, si kwenye tabasamu. Angalieni mmeandikwa muuguzi au msaidizi. Vyeti vyangu vilipokuwa vikikaguliwa nilikuwa msaidizi, na wauguzi wakizidiwa niliitwa kitandani kwa sababu “wewe unajua”. Nilisifiwa kipindi chote hicho, karibu kila wiki. Malipo yalikuwa ya msaidizi.